Pasha Joto Miche, Si Kivungulio

Wakazi wengi wa Mombasa wana shamba mahali ambapo wao wenyewe hawalali. Mtu anafanya kazi bandarini au ana duka Mwembe Tayari, lakini kipande chake cha ardhi kiko nyanda za juu, Wundanyi, Kinangop au Molo, na kazi ya huko inaendeshwa kwa simu kupitia kijana wa shamba. Watu hawa ndio wanaouliza sana habari za kupasha joto kivungulio, yaani nyumba ya plastiki ya kukuzia mimea, na mara nyingi wanauliza wakiwa wamechelewa. Miche ya nyanya imeshakufa, au imekaa wiki tano bila kuongeza jani, na sasa wanataka kujua wanunue hita ya aina gani. Hita ni jambo la mwisho. Kabla yake kuna maswali mawili yanayoamua kila kitu: hiyo baridi ni ya namna gani, na ni kitu gani hasa kinachohitaji joto.

Swali la kwanza linamtatiza mtu wa Pwani kwa sababu kalenda yake ya baridi ni nyingine. Kwetu baridi ni Julai na Agosti, kusi ikivuma, na hata wakati huo joto la usiku halishuki sana chini ya nyuzi 20. Januari, wakati wa kaskazi, tunalala na feni hadi asubuhi. Mtu akijipima kwa hali hiyo anaona shamba lake la bara liko salama mwezi wa kwanza. Kumbe kwenye nyanda za juu, usiku unaoua miche mara nyingi huwa ni ule wa Januari na Februari. Mwezi wa Januari 2012 jalidi, yaani umande ulioganda, iliunguza mashamba ya chai huko Kericho na Nandi, katikati ya kiangazi.

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi sita na nusu. Kinangop iko mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwa hesabu hiyo pekee usiku wake una nyuzi kama 16 chini ya usiku wa Mombasa. Toa 16 kwenye 24 ya Januari, unabaki na nane. Nyuzi nane ni baridi, lakini hazigandishi maji. Zile zinazobaki huchukuliwa na anga.

Ardhi hutoa joto lake kwenda juu usiku kucha. Kukiwa na mawingu, sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa chini. Anga ikiwa wazi, hewa ikiwa kavu na upepo ukiwa umetulia, halirudishwi, na jani ambalo ni jembamba na limeikabili anga moja kwa moja hupoteza joto haraka kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana jani linaweza kuganda huku kipimajoto kilichotundikwa usawa wa bega kikisoma nyuzi mbili au tatu. Isitoshe, hewa baridi ni nzito, huteremka polepole na kutuama bondeni. Mashamba mawili yanayotazamana, moja mgongoni mwa kilima na lingine chini karibu na mto, yanaweza kuamka katika hali tofauti kabisa. Kijana wa shamba atapiga simu saa mbili asubuhi aseme, "Mzee, miche imeungua," nawe utabaki kujiuliza moto umetoka wapi. Jani lililopigwa na jalidi hulegea na kuwa la majimaji kama mchicha uliochemshwa, kisha jua likitoka hugeuka jeusi.

Baridi ya Julai ni kitu kingine. Kwenye vilima vya Taita, Limuru na kwingineko, mawingu na ukungu hukaa siku nzima. Usiku haushuki hadi kuganda, kwa sababu mawingu hayo hayo yanazuia joto kutoroka. Ila mchana pia haupandi. Udongo unabaki na ubaridi wiki baada ya wiki, na mbegu ya nyanya, ambayo huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 21 hadi 27, inakaa tu. Chini ya nyuzi 10 haioti kabisa. Pilipili hoho ni mbaya zaidi, yenyewe inataka 24 na kuendelea. Baridi hii haiui kwa usiku mmoja. Hudumaza, na miche iliyokaa muda mrefu kwenye udongo baridi wenye maji hushikwa na kinyausi, ule ugonjwa wa kuoza shina usawa wa udongo, mche ukaanguka ukiwa bado kijani.

Kwa hiyo tiba zake haziwezi kuwa moja. Januari una jua kali la mchana ambalo kazi yako ni kuliweka akiba hadi alfajiri. Julai huna jua la kuweka akiba, na joto lazima litoke kwingine.

Watu wengi wakifika hapa hujibu, "Lakini nina kivungulio." Mchana, kweli, karatasi ya plastiki huingiza mwanga wa jua na kuizuia hewa iliyopata joto isitoroke. Usiku hali hugeuka. Vivungulio vyetu vingi vimefunikwa kwa karatasi moja ya plastiki yenye unene wa maikroni 200 hivi. Kioo huzuia miale ya joto inayotoka ardhini. Plastiki ya kawaida huipitisha sehemu kubwa. Juu ya hayo, hewa ya ndani imefungiwa, haichanganyiki na hewa yenye joto kidogo inayopita juu ya shamba. Matokeo yake, katika usiku mtulivu wenye nyota, ndani ya kivungulio kisichopashwa joto kunaweza kuwa na baridi kuliko nje kwa nyuzi moja au mbili. Ziko karatasi zilizotiwa viungo maalumu vya kuzuia miale hiyo, na anayejenga upya nyanda za juu aziulizie. Karatasi ya pili iliyotandazwa ndani ya ile ya kwanza, ikiachiwa nafasi ya hewa katikati, hupunguza upotevu wa joto kwa takriban theluthi moja, na hilo ni kubwa kuliko linavyosikika.

Sasa hesabu, na naomba msomaji anifuate kwa utulivu kwa sababu hapa ndipo pesa huokolewa au hupotea. Chukua kivungulio cha kawaida cha mita 8 kwa 15. Ukijumlisha paa, kuta za ubavuni na za mwisho, unapata eneo la plastiki la mita za mraba kama 230. Karatasi moja hupitisha wati sita na nusu hivi kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukitaka ndani kuwe na nyuzi nane zaidi ya nje, unahitaji 230 mara 6.5 mara 8, karibu kilowati 12. Kwa saa kumi za usiku ni yuniti 120 za stima. Tuseme yuniti moja ni shilingi 25: umetumia shilingi 3,000 kwa usiku mmoja, 90,000 kwa mwezi. Hakuna nyanya ya kuuzwa soko la Kongowea itakayorudisha gharama hiyo.

Lakini nyumba hiyo ya mita 8 kwa 15 inahitaji miche kama 300 tu ya nyanya. Miche 300 inaingia kwenye trei mbili za mashimo 200, na trei moja haina ukubwa hata wa nusu ya meza ndogo ya kahawa. Meza ya mita 1.2 kwa mita moja inabeba trei sita. Jenga juu yake kiunzi cha nusu mita kwenda juu, kifunike kwa plastiki, weka chini ya trei kitu kinachozuia joto kupotea, kama vile ubao mnene wa lile povu jeupe linalofungashia friji. Eneo la plastiki sasa ni mita za mraba 3.4. Kwa tofauti ile ile ya nyuzi nane, unahitaji chini ya wati 180. Usiku mzima ni yuniti 1.8, shilingi 45. Ukitupa blanketi kuukuu juu ya kiunzi magharibi na kuliondoa asubuhi, gharama inashuka tena.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Mche unahitaji joto katika wiki zake nne hadi sita za mwanzo, nao huzipitisha wiki hizo mahali padogo sana. Nyanya iliyokwisha kushika mizizi huvumilia usiku wa nyuzi 10 hadi 12, ingawa maua yake hayafungi vizuri chini ya 13. Sukuma wiki, kabichi, vitunguu na dania haziombi joto hata kidogo. Anayepasha joto jengo zima ili kulinda trei mbili anaipasha joto hewa.

Na ndani ya kile kiunzi, kinachotafuta joto kwanza ni mizizi. Shika mche wa nyanya uliodumaa, ulipindue jani lake. Ukiona zambarau upande wa chini, hasa kwenye mishipa, mizizi imeshindwa kufyonza fosforasi kwa sababu udongo ni baridi. Fosforasi huenda imejaa tele humo udongoni. Kumwaga mbolea ya DAP zaidi hakusaidii, na kwenye shimo dogo la trei kunaweza kuunguza mizizi. Weka joto chini ya trei na majani mapya yatatoka kijani. Ndiyo sababu joto la kutoka chini lina faida kuliko taa iliyoning'inizwa juu: taa hukausha majani na uso wa udongo huku mizizi ikibaki na baridi.

Chanzo cha joto kilicho rahisi kuliko vyote ni maji. Kwa uzito ule ule, maji hubeba joto mara kadhaa kuliko udongo mkavu au mawe. Mtungi wa lita 20 ukishuka kwa nyuzi 15 hutoa karibu theluthi moja ya yuniti. Kwa usiku wa Januari, paka mitungi mitano rangi nyeusi, ijaze maji, iache juani ndani ya kivungulio mchana, kisha isukume chini ya meza (ukiondoa ule ubao wa povu ili joto lipande) jua likikaribia kuzama na ushushe plastiki hadi sakafuni ili meza na mitungi viwe chumba kimoja. Plastiki ya chini inaongeza eneo la kupoteza joto, kwa hiyo izungushie magunia. Mitungi mitano inakaribia mahitaji yote ya meza tuliyoihesabu.

Julai mitungi hiyo haitapata jua la kutosha. Hapo yachemshwe maji jikoni, yachanganywe hadi yafike nyuzi 50 hivi, yaani makali kuliko ya kuoga, na mitungi mitatu iingie chini ya meza imevikwa magunia. Gunia lina kazi yake: bila hilo sehemu kubwa ya joto inatoka kabla ya saa sita usiku, na saa ya baridi kali ni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Uzuri mkubwa wa njia hii ni kwamba moto unabaki nje na ni joto tu linaloingia ndani.

Samadi mbichi nayo ni hita. Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyochanganywa na majani makavu, ikirundikwa kwa kina cha sentimita 40 au zaidi na kulowanishwa, hupanda kupita nyuzi 50 kwa siku chache, kisha hushuka taratibu na kubaki na uvuguvugu kwa wiki kadhaa. Trei zisiwekwe juu yake katika ule moto wa kwanza. Tia udongo sentimita 15 juu, subiri kipimajoto kishuke chini ya 30, na unuse: harufu ikichoma pua ni amonia, nayo huua miche. Kwa shamba lililo mbali na nyaya za stima, mimi ningeanza na hii.

Wenye stima wanunue waya au mkeka wa kupasha udongo wenye kidhibiti joto, wauweke kwenye nyuzi 22 hadi 24, na uungwe kupitia swichi inayokata stima inapovuja, kwa sababu mahali hapo daima kuna maji. Paneli za sola pamoja na betri watu huzipenda kwa jambo hili kuliko zinavyofaa. Yuniti 1.8 ni betri nzima ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 150 ikimalizwa hadi tone la mwisho, kila usiku, na betri ya namna hiyo haitadumu. Sola iendeshe feni na pampu. Joto la jua lichukuliwe na maji.

Sasa jiko la makaa. Watu hulitumia, na wanaoliagiza wako mbali, Mombasa, hawaoni kinachotokea. Mwajiri anamwambia kijana aweke jiko ndani ya kivungulio na aongeze makaa kila baada ya saa mbili. Kijana yule hatatoka na kuingia usiku wa baridi mara tano. Atalala humo humo, milango ikiwa imefungwa ili joto lisipotee. Makaa yanayoungua kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, isiyoonekana, inayomlevya mtu usingizini hadi asiamke. Usimwagize mtu kufanya hivyo. Hakuna trei ya miche inayolingana na hilo.

Na miche yenyewe hainufaiki. Moto usioungua vizuri hutoa ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi, na nyanya hudhurika nayo upesi: majani huinama na kujikunja kwenda chini, maua hupukutika. Mafuta ya taa huongeza gesi ya salfa inayobabua majani. Hata gesi ya kupikia, iliyo safi kuliko hayo yote, hutoa mvuke unaotosha kuwa lita moja na nusu na zaidi ya maji kwa kila kilo inayoungua, na mvuke huo huishia kwenye plastiki kama matone, kisha hudondokea majani.

Matone hayo yanastahili neno lao. Kila anayefunga nyumba ili kuhifadhi joto hufunga na unyevu. Asubuhi ukiingia, plastiki yote inachuruzika na shingo za miche zimelowa. Hapo kinyausi na ukungu wa kijivu hupata walichokuwa wakikitaka. Jua likishapanda kidogo, fungua, hata kama nje bado kuna ubaridi. Mwagilia asubuhi, kamwe si jioni. Funga pazia za ubavuni mapema, saa tisa au saa kumi alasiri, wakati jua bado lina nguvu ya kuupasha udongo joto. Na udongo huo uwe na unyevu wa kadiri, maana udongo mkavu hauweki akiba ya joto.

Naivasha kuna funzo la upande wa pili. Shamba la maua la Oserian, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, lilikuwa likipasha joto makumi ya hekta za vivungulio vya waridi kwa maji yaliyopata joto kutoka kisima cha jotoardhi, na shirika la kuendeleza jotoardhi, GDC, likajenga kivungulio cha maonyesho kwa nguvu hiyo hiyo huko Menengai, Nakuru. Nyumba nzima, naam. Lakini joto lenyewe linatoka chini ya miguu yao, na faida kubwa kwa waridi ilikuwa kukausha hewa ya alfajiri ili ukungu usishike maua, jambo linalopunguza dawa za kunyunyizia. Mkulima anayelipia kila yuniti asiige ukubwa wa kazi ile. Aige ile desturi ya kuangalia unyevu pamoja na joto.

Mombasa kwenyewe tuna kitu ambacho wenzetu wa bara hawana. Mwezi wa Julai, wakati Wundanyi imefunikwa na ukungu, hewa ya Kisauni au Likoni huwa kati ya nyuzi 20 na 28. Hiyo ndiyo hali ambayo mbegu ya nyanya inaitaka, na hatuilipii. Trei iliyopandwa kwenye baraza yenye kivuli chepesi huota ndani ya wiki moja hivi, na kufikia wiki ya tatu ina majani yake halisi. Funika kwa neti ya kuzuia wadudu tangu siku ya kwanza, kwa maana nzi weupe wa Pwani hubeba virusi vinavyokunja majani ya nyanya, na hutaki kuvisafirisha. Kisha trei zipande gari hadi Voi, Mwatate na kule juu. Kivungulio cha plastiki hapa mjini hakifai kwa kazi hii: adhuhuri ndani hupita nyuzi 40. Kwetu ni neti na kivuli.

Mche uliolelewa kwenye joto, uwe umetoka Mombasa au juu ya meza yenye mkeka, usiingizwe shambani siku unapofika. Uanze kukomazwa kwa siku saba hadi kumi: punguza maji, shusha kidhibiti joto nyuzi moja au mbili kila usiku, ondoa blanketi, kisha plastiki ya juu. Shina linakuwa gumu, majani yanaongezeka unene na rangi. Wakati huo mwambie kijana atundike kipimajoto chenye kuhifadhi kima cha chini, usawa wa miche na si usawa wa macho, na akutumie picha yake kila asubuhi. Usiku tatu mfululizo zikibaki juu ya nyuzi 10, pandikizeni. Zikishuka, miche ikae mezani wiki nyingine. Kwa shilingi 45 kwa usiku mnaweza kungoja.